Mechi ya Nyumbani, Ugenini

Carama haina uhaba wa wachambuzi wa mpira. Jumapili jioni katika mtaa huu wa kaskazini mwa Bujumbura, kinyozi anajua kwa nini Arsenal imefungwa, muuza mkaa anajua mwamuzi alikula kiasi gani, na fundi wa baiskeli ana kikosi kamili ambacho kocha wa Intamba mu Rugamba, timu ya taifa, angekipanga kama angekuwa na akili timamu. Hakuna kati yao aliyelipa karo. Wala hakuna anayeulizwa habari yake ameitoa wapi.

Anayeulizwa ni mmoja tu: kijana aliyepanga chumba kwenye barabara ya vumbi (tope, mvua zikianza), anayesomea uandishi wa habari katika chuo kikuu kimoja cha mjini na ambaye amejichagulia michezo. Mtaa umeshampa jina, Mtangazaji. Analipa pesa afundishwe kufanya kwa taabu kile ambacho majirani wanakifanya bure, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Baba yake hakuipenda fani hiyo tangu mwanzo. "Mpira nao unasomewa?" aliuliza, kisha akataja watoto wa majirani walioingia udaktari na sheria. Kilichomlegeza ni kumbukumbu ya Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio binafsi za Bujumbura ziliposhambuliwa na kuharibiwa, na waandishi wengi wakakimbilia nje ya nchi. Mzee ni mtu wa kulala na redio sikioni. Siku zile alizungusha kitufe mpaka betri zikaisha asipate kituo alichokizoea. Akapiga hesabu: anayeandika siasa hupata kesi, anayeandika mpira pengine hupata tikiti ya bure. Basi, iwe michezo.

Hesabu hiyo ina tundu. Mwanzoni kabisa mwa masomo, mhadhiri alilisimulia darasa habari za Leonard Mambo Mbotela, aliyekuwa sauti ya mpira nchini Kenya kwa miongo mingi. Tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi walimfuata nyumbani, wakampeleka kituo cha redio cha Sauti ya Kenya na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Hakuwa na kosa lolote. Walimtaka kwa sababu nchi nzima iliijua sauti yake. Mtangazaji wa Carama aliandika kila neno kwenye daftari. Baba yake hajasimuliwa mpaka leo.

Somo lenyewe la kutangaza mechi lina mazoezi ya nyumbani. Mwanafunzi anafungua video kwenye simu, anazima sauti, kisha anatangaza mwenyewe huku akijirekodi kwa simu ya kuazima. Video aliyoichagua ni ya 23 Machi 2019, Burundi na Gabon, mechi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyochezwa katika uwanja ambao sasa unaitwa Intwari. Sare ilitosha kuipeleka Burundi kwenye fainali hizo kwa mara ya kwanza; Gabon ya Pierre-Emerick Aubameyang ilihitaji ushindi. Dakika ya 76 Cédric Amissi akafunga. Dakika ya 82 beki Omar Ngando akajifunga. Muda uliobaki baada ya hapo uliwazeesha watu wa Bujumbura, maana bao moja tu la Gabon lingefuta kila kitu. Halikuja. Na kule Misri, mwezi wa sita, Burundi ilifungwa na Nigeria, Madagascar na Guinea bila kupata hata bao moja, jambo ambalo Carama hulisimulia kwa kifupi sana.

Chumba cha Mtangazaji kinachangia ukuta na mama mwenye nyumba, na paa lake la bati halijui kutunza siri. Jioni ya kwanza mama aliposikia "Goooli! Amissiii!" alitoka na mwiko mkononi kuuliza nani kafunga. Kesho yake akatoka tena. Baadaye akaacha kutoka, akawa anauliza akiwa hukohuko jikoni: "Mwanangu, hawa Gabon hawachoki kufungwa?" Watoto wa uani walizoea kukusanyika dirishani, na mmoja wao, wa darasa la tatu hivi, alikuwa ameshaikariri mechi nzima. Kila ilipokaribia dakika ya 82 aling'ang'ania nondo za dirisha na kupiga kelele: "Kaka, mwambie Ngando auache huo mpira!"

Siku ya kurekodi kazi ya kukusanya, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Simu ilivumilia mpaka dakika ya 81, ikazimika. Muda wa kukusanya ulikuwa usiku uleule, hivyo mhadhiri alipokea mechi ambayo Burundi iliongoza 1-0 na dunia ikaishia hapo. Alimpa alama za wastani na maoni ya mstari mmoja: sauti nzuri, lakini umeidhulumu Gabon.

Kwenye historia ya michezo kijana alijiona yuko imara, na hilo ndilo lililompeleka kwa kinyozi akiwa na tarehe mfukoni. Kinyozi alikuwa anamsimulia mteja jinsi Vénuste Niyongabo alivyoshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita elfu kumi, peku. Mtangazaji akakohoa kidogo. Ilikuwa mita 5,000, akasema, Atlanta, tarehe 3 Agosti 1996, dakika 13 na sekunde 7.96, akimwacha Paul Bitok wa Kenya kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Na alivaa viatu.

"Ulikuwepo?" kinyozi akauliza.

Hakuwepo. Hakuwa hata amezaliwa. Kinyozi naye hakuwahi kukanyaga Atlanta, lakini mwaka huo alikuwa hai, na barazani huo ni ushahidi unaotosha. Mteja akaunga mkono upande wenye mashine ya kunyolea.

Hapo kijana akatoa karata aliyokuwa ameificha, kwa sababu habari ya kweli ya Atlanta ni tamu kuliko ya kinyozi. Burundi ilikuwa inashiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mkimbiaji wake wa zamani, Dieudonné Kwizera, alikuwa ameikosa michezo ya 1988 na 1992 si kwa miguu mibovu bali kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa, na safari hii alikuwa amekwenda kama kocha. Niyongabo mbio zake hasa zilikuwa mita 1,500. Mwaka uliotangulia alikuwa amechukua shaba ya dunia kwa umbali huo huko Gothenburg. Akamwachia Kwizera nafasi yake ya mita 1,500, yeye akaingia mita 5,000, umbali ambao hakuwa ameuzoea. Kwizera hakufika fainali, lakini alikimbia Olimpiki. Niyongabo akaondoka na dhahabu ya kwanza ya Burundi, na hadi michezo ya Paris mwaka 2024 ilikuwa bado ndiyo dhahabu pekee.

Mashine ilikuwa imezimwa. Mteja alikaa na kichwa kilichonyolewa upande mmoja hadi habari ilipokwisha, hakulalamika. Ulikuwa ushindi pekee wa Mtangazaji muhula ule, na haukudumu. Wiki iliyofuata alipita barazani akamsikia kinyozi akiisimulia habari hiyohiyo kwa mteja mwingine, kwa majina na tarehe sahihi kabisa, isipokuwa sasa aliyekimbia peku ni Kwizera.

Takwimu nazo zina ujanja wa kumgeuka anayeziamini. Katika kipindi cha majaribio chuoni, kijana alitangaza kwa fahari kwamba Francine Niyonsaba anashikilia rekodi ya dunia ya mita 2,000, dakika 5 na sekunde 21.56, aliyoiweka Zagreb mwezi Septemba 2021. Alikuwa sahihi kwa kila tarakimu na amechelewa kwa miezi kadhaa: Julai 2024 Jessica Hull wa Australia alikimbia Monaco kwa 5:19.70. Aliyemsahihisha ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuja kusubiri chumba kiwe wazi.

Kufika kwenye mechi ni somo jingine ambalo halimo kwenye ratiba. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura, na uhaba wa mafuta ukafanya foleni za basi kuwa ndefu kuliko kipindi cha kwanza cha mpira. Siku moja Mtangazaji aliingia uwanjani wakati timu zinatoka mapumziko, matokeo 1-1. Akawauliza watu watatu walioketi pamoja bao la kwanza liliingiaje. Wa kwanza akasema kichwa. Wa pili akasema penalti. Wa tatu akasema halikuwa bao. Hao wote walikuwa wamelala nyumba moja na kuja kwa miguu pamoja.

Kazi kubwa ilikuja Agosti 2024: ripoti ya mechi ya nyumbani ya Vital'O, klabu ya Bujumbura, katika Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Yanga ya Tanzania. Vital'O si jina la mzaha. Mwaka 1992 ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani, ikafungwa na Africa Sports ya Côte d'Ivoire. Tatizo la mwaka 2024 lilikuwa uwanja: Burundi haikuwa na hata mmoja uliokubaliwa na shirikisho la Afrika kwa mechi hizo, kwa hiyo mwenyeji akaipeleka mechi yake Azam Complex, Chamazi, Dar es Salaam. Yaani Vital'O ilisafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwenda nyumbani. Wageni, Yanga, walitoka jiji hilohilo.

Kijana aliiangalia kwenye banda la televisheni hapohapo Carama, amebanwa kati ya mjomba wake na spika. Mjomba alikuwa amevaa jezi ya kijani na njano. Hakuwa peke yake. Pengine nusu ya banda ilikuwa ya Yanga, na hilo halimshangazi anayeujua mpira wa huku. Warundi wameijenga ligi ya Tanzania kwa miguu yao. Amissi Tambwe alikuwa mfungaji bora akiwa Simba msimu wa 2013/14, akarudia akiwa Yanga 2015/16. Saidi Ntibazonkiza amezivaa jezi zote mbili, na msimu wa 2022/23 alimaliza na mabao 17, sawa na Fiston Mayele. Mtu akimfuata ndugu yake kwenye klabu, ndugu akiondoka yeye hubaki na jezi.

Yanga ilishinda 4-0. Kila bao mjomba alimpiga kijana bega na kupaza sauti: "Andika hilo, mjomba! Andika!" Kurasa za daftari zina alama nne za kalamu iliyoruka, na kila moja inaonyesha kwa usahihi kabisa dakika ya bao. Wiki moja baadaye, Yanga ikiwa mwenyeji, yakaingia sita.

Usiku ule Mtangazaji aliandika sentensi yake ya kwanza, akaifuta, akaiandika tena, na mwishowe akaona kwamba ukweli ni huu: mashabiki wa nyumbani walishangilia mabao yote manne ya wageni. Mhadhiri alilizungushia neno "nyumbani" wino mwekundu na kuuliza: wapi? Mwandishi wa makala haya amejaribu kulijibu swali hilo, na anaona sentensi ilistahili alama zote. Ilikuwa kweli Carama, na kwa jinsi Chamazi ilivyojaa kijani siku ile, ilikuwa kweli Chamazi pia.

Kuna mechi ambayo haikumpa hata nafasi ya kukosea. Machi mwaka huohuo timu ya mpira wa kikapu ya Dynamos, ya Burundi, ilikwenda Pretoria kwenye ligi ya kikapu ya Afrika, BAL. Mechi ya kwanza iliifunga Cape Town Tigers 86-73, wachezaji wakiwa wameyafunika maandishi ya mdhamini yaliyosomeka "Visit Rwanda" kwenye jezi zao. Mgogoro wa jezi haukupata suluhu, mechi zilizofuata Dynamos haikucheza, ikaondolewa mashindanoni. Kijana alikuwa amekesha akijifunza kutamka majina ya wachezaji wa Morocco, wapinzani wa mechi iliyofuata. Bado anayajua, na huyatamka vizuri sana.

Sasa amefika kwenye kazi ya kuhitimu, na mada haikumsumbua: mechi za nyumbani za timu za Burundi zinazochezwa nje ya Burundi. Mifano iko tele. Novemba 2023 hata Intamba mu Rugamba yenyewe iliipokea Gambia Dar es Salaam, katika kufuzu Kombe la Dunia, ikashinda 3-2. Msimamizi akaipenda mada, akaweka sharti moja: utafiti ufanyike uwanjani, si kwenye simu.

Bajeti ilipelekwa kwa baba: nauli ya basi kwenda na kurudi, malazi, chakula, kiingilio. Mzee aliisoma taratibu, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna maelezo zaidi, kisha akavua miwani.

"Si ulisema ni mechi za nyumbani?"

Aliyeokoa jahazi ni mjomba. Nauli yote ataitoa yeye, kwa masharti ambayo kijana ameyaingiza kwenye jedwali la gharama kama msimamizi anavyotaka kila senti ionekane. Yako mstari wa mwisho, chini ya vifaa vya utafiti: jezi moja, kijani na njano, saizi kubwa.