Mgeni Uliyerudi Naye Kutoka Mulago

Umetoka Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago, na betri ya moyo chini ya mtulinga. Kutoka Kampala hadi Kasese ni zaidi ya kilomita 300, na Bwera bado iko mbele, karibu na mpaka wa Mpondwe. Basini mlikuwa wawili: wewe na Hofu. Hakulipa nauli. Sasa amekalia kitanda chako, ameushika mkono wako wa kushoto, anasema, "Usiutikise, waya utachomoka." Tumtoeni.

Kwanza tumpe haki yake, maana si yote anayosema ni uongo. Waya wa betri umepitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo, na nyama inahitaji muda kuushika. Kwa hiyo wiki 4 hadi 6, au muda aliokupa daktari wako, kiwiko cha upande huo kisipande juu ya bega. Dumu la lita 20 ni kilo 20: waachie vijana. Mkungu wa matoke usubiri. Jembe pia.

Uongo wake unaanzia hapo. Anataka mkono usiopaswa kupanda ufungwe kwa kitenge, ulale kama mtoto mchanga. Usikubali. Bega lisilosogezwa hukaza, na kulilegeza kunaweza kuchukua miezi. Kaa kwenye kigoda, uache mkono uning'inie. Zungusha bega polepole. Kunja kiwiko, kinyooshe. Fumba ngumi, ifumbue. Shika kikombe cha chai kwa mkono huohuo. Ukivaa shati, anza na mkono wa upande wa kidonda.

Miguu, tena, haikupasuliwa. Leo tembea hadi kwenye mwembe, kesho hadi kwa jirani, kwenye njia tambarare kabla ya kujaribu kilima. Ukiweza kuzungumza huku unatembea, mwendo ni sawa. Ukikosa pumzi, punguza. Sokoni Mpondwe utaenda, ila kikapu abebe mwingine.

Hofu akibisha, mtajie Arne Larsson wa Uswidi, mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa kama hiki chako, betri ya moyo, mwaka 1958. Cha kwanza kilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20, akaishi hadi 2001, akiwa na miaka 86.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpe Hofu jembe hilo, maana wewe bado hujaruhusiwa kulishika.

Ila ukizimia, ukishikwa na kizunguzungu au homa, au kidonda kikivimba au kutoa usaha, usingoje asubuhi: nenda hospitali.

Nanyi mnaomuuguza, nawaomba: msimpelekee kila kitu kitandani. Chai yake iwekeni mezani, upande wa pili wa chumba.