Namna ya Kutupa Takataka Ujerumani: Mwongozo kwa Mtu wa Daudi

Umepata viza. Ukoo mzima umekuonya juu ya baridi, na wewe, mtu wa Daudi, huko milima ya Mbulu, unayejifunika blanketi mbili kila Julai, umecheka. Juu ya mapipa hukuonywa na mtu. Soma haya kabla hujapanda ndege.

1. Kariri rangi. Daudi kila kichafu kina mwenyewe: maganda ya viazi ni ya mbuzi, mifupa ya mbwa, samadi ya shamba, majivu ya choo, na kinachobaki ni cha shimo nyuma ya nyumba. Ujerumani kwa kawaida pipa la kahawia hula mabaki ya jikoni, la bluu karatasi, la njano vifungashio, na jeusi hupokea vyote vilivyokosa ukoo. Ukimaliza mtindi, bandua kifuniko kabisa. Ndiyo, kopo na kifuniko vyote huenda pipa la njano, ila mashine ya kuchambua haitambui ndoa ya plastiki na alumini.

2. Heshimu Jumapili. Chupa za glasi zisizorudishwa dukani hupelekwa kwenye makontena ya mtaani: nyeupe kwake, kahawia kwake, kijani kwake. Ya bluu huingia na za kijani. Usizitupe usiku wala Jumapili, maana mlio wake huamsha mtaa, na mtaa ukiamka utakutafuta.

3. Usiponde chupa ya maji. Kwenu ingejazwa mafuta ya alizeti na kuishi miaka mitatu. Huku ina amana ya senti 25, ambayo mashine ya dukani hukurudishia ikiweza kusoma alama yake. Utaona wazee waliovaa vizuri wakichungulia mapipa ya mtaani kwa tochi. Hawajapoteza funguo, pensheni haikutosha. Kama huna haja na senti zako, weka chupa kando ya pipa, wasilazimike kuzamisha mkono.

4. Usiwashe moto uani. Jioni ya Daudi haikamiliki bila moshi wa nailoni unaoingia jikoni na kuonja mboga kabla ya baba. Ujerumani ukichoma takataka uani, jirani hatakuja na mahindi ya kuchoma. Atapiga simu.

5. Jivune, lakini kwa kiasi. Wenyeji wakianza kukufundisha mazingira, waambie kwa upole kwamba Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na wao wakafuata kwa mifuko myepesi ya madukani Januari 2022. Ongeza kwamba pombe kali ya viroba tuliizika Machi 2017. Furahia ukimya utakaofuata. Mtu akiuliza kama basi mitaro ya kwenu imebaki haina plastiki, hamisha mazungumzo yaende kwenye mpira.

6. Usiogope kiti cha njiani. Utakuta kiti kizima, vyombo au vitabu kando ya njia, na kikaratasi cha kusema vinatolewa bure. Si uchawi wala mtego. Mwenyewe amenunua kingine. Chukua usiku kama unaona haya. Wajerumani huchukua mchana.

7. Fikiri mara mbili mbele ya sanduku la nguo kuukuu. Kontena hilo ndilo pekee ambalo wenyeji hulifunga kwa dhamiri safi, wakiamini koti limekwenda kwa maskini wa jirani. Nyingi ya nguo hizo huuzwa kwa kilo, hupakiwa kwenye marobota, na sehemu yake huvuka bahari hadi kwetu. Kwa hiyo koti ulilolichoka usilitumbukize humo. Mpelekee shemeji mwenyewe, la sivyo atalinunua mnadani, na bado atakulaumu kwamba umerudi mikono mitupu.