Vidole vya Fuko

Mwaka 2018 serikali ya Uganda na UNHCR zilipowahesabu upya wakimbizi wa nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho, takwimu ya milioni 1.4 iliteremka hadi takriban milioni 1.1. Wanyama wa Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, waliokuwa wakichungulia foleni zile, nao wakataka mashine yao, ili asiyekuwepo asile mgao wa aliyepo. Nia ilikuwa njema.

Mashine ilipofika, mabishano yakahamia WhatsApp. Tangu tarehe 1 Julai mwaka huo kuingia humo kulitozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku, na hata wenye njaa walilipa ili wabishane. Kunguru alituma sauti ya kelele: "Mashine inanyonya macho! Mtapofuka wote!" Korongo wa Ziwa Nakivale akajibu kwa upole, baada ya salamu ndefu na dua: "Ndugu zangu wapendwa, mashine haina kabila, haina shemeji. Haiwezi kukosea." Wengi wakamshukuru mzee kwa hekima yake. Hakuna aliyemuuliza Kunguru ni nani aliyepofuka, wala Korongo amejuaje.

Kisha Mama Fuko, aliyekimbia kutoka Masisi nchini Kongo, akatuma sauti yake. Mashine ilikuwa imekikataa kidole chake migao mitatu mfululizo. "Waongo nyinyi! Wanangu wanalala njaa, nanyi mnasifiana!" Nyani, mwenyekiti, akamtoa kikundini: arudi akishajifunza adabu. Kunguru akamdaka kwa furaha: huyu hapa, mashine imemla macho! Fuko akakataa. "Macho yangu nilizaliwa nayo hivi. Usinitie katika uongo wako." Hapo ndipo ninapomheshimu mama huyu. Alikuwa na njaa, alikuwa peke yake, akaletewa mtetezi, naye akamfukuza kwa kuwa utetezi wenyewe haukuwa kweli. Wapole waliomtoa kikundini hawakuwahi kuyapima maneno yao wenyewe kwa ukali huo.

Kanga, aliyeuza maandazi kando ya foleni, hakubishana na mtu. Kila siku ya mgao alichora ukutani kwa mkaa: nani kapita, nani karudishwa. Waliorudishwa walikuwa Fuko, Muhanga na Nungunungu, wachimbaji watupu; udongo ulikuwa umewasugua ncha za vidole mpaka mistari ikafutika. Korongo na wenzake wasioshika jembe walipita wote. Na kila aliyeitazama mashine, kesho yake bado alimwona Kunguru akipita angani.

Nyani akaletwa mbele ya ukuta. Akasema mkaa si ushahidi.

"Basi, mwenyekiti, kalime," Kanga akamwambia.

Nyani akalima shamba la Fuko lenye mawe, akafyatua na matofali, mpaka siku ya mgao. Mashine ikamkataa. Alipiga makelele kuliko yale ya Fuko, matusi yakiwemo, na Korongo akamsihi apunguze sauti.

Jioni Nyani akamrudisha Fuko kikundini, akaanza kueleza jinsi ambavyo lugha nzuri ingeharakisha mambo. Fuko akamkatiza. Alitaka daftari la kuandika kwa mkono jina la kila anayekataliwa, majirani wawili wa kumshuhudia, na posho na maharagwe ya migao yake mitatu, siku hiyohiyo.