Mkwe, Simama Kidogo

Simu iliniambia ni mwendo wa saa mbili. Kutoka Lushoto mjini hadi Mtae, kilomita kama 60, na mstari wa buluu umejipindapinda kwenye kioo kama utumbo wa kuku. Sikuujali. Nimezaliwa Handeni, nchi ya tambarare, na kwetu kilomita ni kilomita. Jambo ambalo simu haikulijua, na mimi nililijua ila nikalipuuza, ni kwamba kiti cha mbele angekaa mama mkwe wangu, mzaliwa wa Mtae. Trafiki ukimkatalia jambo unaweza kujieleza, mkaelewana. Mama mkwe hakataliwi.

Nia yangu ilikuwa moja tu: mandhari. Mtae imekaa ukingoni kabisa mwa Usambara ya Magharibi, pale mlima unapokatika ghafla. Chini ni nyika ya Mkomazi, ng'ambo ni Milima ya Upare, na kukiwa kweupe hasa, Kilimanjaro inaonekana. Mke wangu alinisimulia hayo tangu uchumba. Lakini safari zetu zote tulipanda basi la mchana linalofika giza limeingia, na kuondoka na lile la alfajiri, giza bado halijatoka. Miaka tisa ya ndoa, ukwe wangu nimeujua kwa tochi. Safari hii nikaazima kigari cha shemeji, nikajaza mafuta, nikafuta lenzi ya simu kwa pindo la shati. Mwendo wa polepole, nikajiambia, tukisimama pale ninapotaka mimi kupiga picha.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nje ya duka ambako mama mkwe alituagiza tumsubiri. Alisema ana kikapu kimoja. Kikapu kilikuwepo, kweli. Nyuma ya kikapu alikuja kijana na mkokoteni: mchele, ndoo ya mafuta ya kupikia, katoni ya sabuni za mche, na godoro la inchi nane. "La babu," mke wangu akaninong'oneza, kana kwamba hilo lingepunguza inchi. Tukalifunga juu ya gari kwa kamba ya katani. Kigari kikawa kama uyoga.

Hatujatoka hata mjini, nikasikia kwa mara ya kwanza maneno ambayo siku ile ningeyasikia mpaka yakaniingia ndotoni: "Mkwe, simama kidogo."

Alikuwa amemwona mtu. Sasa, salamu za Wasambaa hazina njia ya mkato. Unauliza habari za nyumba, za watoto, za shamba, za yule aliyekuwa anaumwa mguu, za ng'ombe. Ukimaliza, mwenzako naye anaanza upya kwako, kuanzia nyumba. Nilitazama saa: mtu mmoja, dakika 11. Na mama mkwe hakuwa anajuana na mtu mmoja. Kati ya Lushoto na Magamba, umbali ambao mtu mwenye haraka anautembea kwa miguu, tulisimama mara sita. Mandhari nayo yalikuwepo, sikatai. Wajerumani walipofika huku waliupenda ubaridi wa huku, mji wa Lushoto wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Ila mimi kila niliponyanyua simu nipige picha, kulikuwa na mtu amesimama dirishani akiniangalia machoni, anasubiri zamu yake nimwambie shikamoo.

Halafu wakaanza kupanda. Mzee mmoja mwenye jembe, "anashuka hapo mbele tu." Mama mmoja na mtoto mgongoni, "hapo mbele tu." Mama huyo alikuwa na jogoo kwapani, ambaye hakutajwa kabisa katika mazungumzo. Nimejifunza kwamba hapo mbele tu, milimani, si umbali. Ni namna ya kukuomba usiulize. Mpini wa jembe haukuenea ndani, ukatolewa dirishani, na tangu hapo tulipita katika msitu wa Magamba tumekaa kama kifaru aliyevaa kofia. Mbega walitutazama kutoka juu ya miti. Naamini walicheka.

Baada ya msitu, kwenye kona moja, nikasimama kwa hiari yangu. Kinyonga alikuwa anavuka. Milima ya Usambara ina vinyonga wasiopatikana pengine popote duniani, na wapo watu wanaopanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwatafuta usiku kwa kurunzi. Wetu alikuja bure. Alinyanyua mguu, akafikiri, akayumba mbele na nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akauweka. Mzee wa jembe akasema tusipite mpaka amalize. Hakuna aliyembishia, wala hakuna aliyetaka kushuka kumsaidia. Nikiwa nimeegemea usukani nikapiga hesabu: kwa mwendo wetu wa tangu asubuhi, tungeshindana naye, tungeachwa.

Lukozi tulifika saa saba, wakati ambao kwa mujibu wa simu nilipaswa kuwa nimeshakula Mtae na kupitiwa na usingizi. Lukozi ni soko la mboga: kabichi zimepangwa kama matofali, karoti, hoho, na malori yanayopakia kwenda Tanga na Dar es Salaam. Na viazi.

"Mkwe, simama kidogo."

Nikadhani anataka vya mboga ya jioni. Akanunua gunia. Tena si gunia la kawaida, bali lumbesa, lile lenye kilemba cha kamba juu ambalo serikali imelipiga vita miaka nenda rudi, nalo likizidi kunenepa. Nikathubutu, kwa sauti ya chini na macho nimeyaelekeza kwenye viatu vyangu, kuuliza kama Mtae hawalimi viazi.

"Wanalima," akasema mama mkwe. "Ila hivi ni vya Lukozi."

Lumbesa haikuingia kwenye buti. Haikuingia mlango wa nyuma. Vijana wa sokoni, wataalamu wa kazi hiyo, wakatafakari kidogo, wakakata kamba, wakavimimina viazi ndani ya gari kama mchanga: chini ya viti, katikati ya miguu, nyuma ya mgongo wa mke wangu, kila penye upenyo. Jogoo akapanda juu yake. "Hongea," mama mkwe akawashukuru. Mimi nikawalipa.

Tulikuwa tunateremka mteremko mmoja mkali, barabara ya udongo mwekundu yenye utelezi wa mvua ya jana yake, nilipokanyaga breki na breki isishuke. Nikakanyaga tena. Ikagota kwenye kitu kigumu, kitu kikabingirika kidogo, kikarudi palepale. Baridi yote ile, jasho likanitoka. Nikarudisha gia ya kwanza, injini ikalia kama mbuzi wa Idi, nikavuta hendibreki kwa mikono miwili. Tukasota, tukakaa upande, tukasimama hatua tatu kutoka kwenye genge. Chini ya tairi la mbele niliona paa la bati la nyumba ya mtu na moshi wa jikoni unapanda taratibu kuelekea kwetu.

Hakuna aliyesema kitu. Jogoo peke yake ndiye aliyetoa maoni.

Nikainama chini ya usukani, mkono unatetemeka, nikatoa kiazi. Kimechubuka upande mmoja. Mama mkwe akakipokea, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakitia kikapuni. Kisha akachungulia nje.

"Umesimama pazuri, mkwe," akasema. "Hapa ni kwa somo yangu. Ngoja nikamsalimu."

Kwa somo tulikunywa chai mara mbili. Aliposikia habari ya breki alicheka mpaka akashika ukuta, akasema nyie watu wa nyika mna haraka sana, ndiyo maana viazi vinawakimbilia miguuni. Tukaondoka na kabichi nne za zawadi.

Yaliyofuata sitayasimulia sana. Ukungu ulishuka, barabara ikapotea, mzee akashika kazi ya kuniambia kushoto, kulia, na hapo usiende kabisa. Tulikwama kwenye tope, watoto wa shule wakatusukuma. Karibu na Sunga jiwe likagonga chini ya gari, na kuanzia hapo tuliingia vijijini tukinguruma kama trekta, kiasi kwamba watu walitoka nje kabla hatujafika. Mtae tuliingia saa moja na nusu usiku. Nikashuka, nikatembea mpaka ukingoni, nikanyoosha tochi kwenye mandhari. Tochi ikaangaza ukungu, yadi mbili hivi.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa chali chini ya gari, waya mkononi, nafunga ekzosi. Nje kulikuwa bado kweupe kwa ukungu, tena ule mzito wa kukatwa kwa kisu, nikaona bora nimalize kazi kwanza. Ghafla nikasikia mke wangu anaita, kisha watoto wa jirani, kisha mama mkwe mwenyewe: "Mkwe! Toka uone! Toka haraka!" Neno haraka sikuwahi kumsikia nalo. Nikajikokota kutoka, shati likanasa kwenye boliti, nikavuta, likachanika, nikatoka.

Kweupe pepepe. Ukungu umefunga tena.

"Umefunguka kidogo tu," mke wangu akasema kwa huruma. "Upare wote tumeuona."

Babu alikuwa ameketi kibarazani na kikombe chake cha kahawa, ameyaona yote. Nikamwamkia. Akaitika, akauliza nyumba, watoto, shamba. Tulipomaliza akanyoosha kidole kwenye weupe ule.

"Jana ndiyo mngefika mapema," akasema. "Jana kutwa kulikuwa wazi. Mpaka Kilimanjaro."

Gari nilimrudishia shemeji siku ya nne. Nikalipia ekzosi mpya na kuosha ndani na nje. Wiki tatu baadaye akanipigia simu. Alikuwa amefuata harufu hadi chini ya kiti cha nyuma, akakuta viazi saba: vitano vimeoza, viwili vimechipua. Godoro babu hakulilalia hata usiku mmoja. Amerudi kwenye kitanda chake cha kamba, anasema lile linamzamisha.