Shauri la Kompyuta, Panki na Mjusi Kafiri

Asili ya umiliki, yaani mlolongo wa watu na taasisi ambazo kitu kimepita mikononi mwao tangu kitoke kiwandani hadi kifike mnadani, ndiyo inayoamua iwapo kompyuta kuukuu itauzwa kwa bei ya nyumba au kwa bei ya chuma chakavu. Apple-1, iliyotengenezwa California kuanzia mwaka 1976 kwa idadi ya takriban 200 tu na kuuzwa kwa dola 666.66, ilifikia dola 905,000 katika mnada wa Bonhams mwaka 2014, na wajuzi hukiri kwamba mnunuzi wa kitu cha aina hiyo hulipia historia yake sawa na anavyolipia mtambo wenyewe.

Kanuni hiyo ndiyo iliyozua ubishi katika ghala moja nyuma ya soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ambako BBC Micro ya mwaka 1982, kompyuta ya Kiingereza ambayo kibodi na ubao wake wa umeme hukaa ndani ya kasha moja, alikuwa akimsubiri wakala wa mnunuzi. Ghalani humo alikuwamo pia Panki, yaani mifupa ya sangara inayobaki na kichwa na mkia baada ya kiwanda kuchukua minofu, pamoja na Mjusi Kafiri, aliyeishi ndani ya kasha hilo na kutaga humo.

"Mtambo huu," alianza Kompyuta, ambaye alijizoeza kusema kama hati ya kiapo, "ni wa ukoo wa Apple-1, kwa kuwa wote wawili wamejengwa juu ya prosesa ya 6502, kipande cha silikoni kinachofanya hesabu zote, na kwa sababu hiyo bei ya mmoja haina budi kumgusa mwenzake."

"Pole, mzee," akasema Panki. "Wale walikuwa 200, nanyi mlitengenezwa zaidi ya milioni moja mkajazana katika shule za Uingereza. Dagaa naye ni samaki, lakini hakuna aliyewahi kumpima kwa bei ya sangara."

Kompyuta alikubali hesabu hiyo, ila akashikilia kwamba uadimu hupimwa mahali kitu kilipo na si mahali kilipozaliwa. Alikumbusha kwamba Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza ya Tanzania mwaka 1965, mtambo wa kampuni ya Kiingereza ya ICT. Kwamba jitihada za baadaye za kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine zilishindwa kwa gharama kubwa. Na kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu, amri iliyodumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtambo wa mwaka 1982 uliofika Mwanza kabla amri haijaondolewa, alihitimisha, ni adimu kwa nguvu ya sheria.

"Kwa hiyo babu hana karatasi ya forodha," akasema Mjusi.

"Hana, na ndiyo ushahidi wenyewe. Mtambo wa miaka hiyo wenye karatasi zote ungetiliwa shaka zaidi."

Ni hoja ambayo mawakili wengi wangeionea wivu, na Panki, ambaye maiti yake ilikuwa na uzoefu mkubwa wa vyeti, hakuiacha ipite. Alieleza kwamba sangara hakuwa wa ziwa hili la Victoria, bali alitolewa Ziwa Albert na kumwagwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, wala hakuna aliyemdai cheti. Vyeti vilianza kusakwa kwa bidii pale wanunuzi wa Ulaya walipopata hofu, hasa mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu. "Tangu hapo mnofu husafiri kwa ndege ukiwa na muhuri wa afya na jina la kiwanda, na mfupa wa samaki yuleyule huenda kukaangwa bila hata kipande cha risiti. Sasa, mzee, wewe unajihesabu mnofu au mfupa?"

Kompyuta hakujibu, akaomba akaguliwe. Wakaguzi husoma tarakimu nne zilizopigwa mgongoni mwa chipu, ambazo mbili za kwanza hutaja mwaka na mbili za mwisho wiki, hivi kwamba 8231 ni wiki ya 31 ya mwaka 1982. Mjusi, aliyezijua zote kwa tumbo, alitangaza kwamba moja ilisoma 8907, na kwamba kapasita za kisanduku cha umeme, ambazo katika mashine za rika hilo zina sifa mbaya ya kupasuka na kufuka moshi, zilikuwa zimebadilishwa.

"Ni kazi ya fundi redio wa Makoroboi," alikiri Kompyuta kwa sauti ndogo. "Bila yeye mtambo huu ungekufa zamani. Hata hivyo inashauriwa asitajwe, maana matengenezo hupunguza uhalisi, na fundi si mmiliki."

"Na mpangaji je?" aliuliza Mjusi. "Vizazi vingapi vimeanguliwa humu?"

"Mpangaji huandikwa kwenye safu ya kasoro."

"Msishangae," alisema Panki. "Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza Speke alilitazama ziwa kutoka upande huuhuu wa Mwanza, akalipa jina la malkia ambaye hakuwahi kuchota maji yake, na wenye mitumbwi hawakupewa safu yoyote."

Wakala alipofika alijaza fomu akiwa amesimama. Penye wamiliki waliotangulia, ambapo Kompyuta alitarajia amri ya mwaka 1974, ziwa na safari ya magendo vipate walau aya moja, aliandika: "Mkusanyo binafsi, Afrika Mashariki."

"Boksi la minofu," alisema Panki, "angalau hutaja ziwa."