Sato Asiye na Mkia

Ugali haupimwi kwenye mizani ya samaki. Vitabu vya lishe havilisemi hilo, na mpimaji mmoja wa Musoma, anayehesabu kilokalori za kila tonge, amelijua Jumanne iliyopita, saa tano asubuhi, mwaloni Mwigobero, mbele ya wateja.

Mizani ya jikoni ni adimu mjini. Ya muuza samaki haikosekani. Mpimaji alifunga ugali wake kwenye kitambaa, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, akautundika kwenye ndoano. Mshale ukayumba, ukatulia kati ya nusu kilo na kilo, mahali pasipo na mstari wowote. Muuza samaki akauliza, "Huyu sato mbona hana mkia?" Mama mwenye ndoo ya dagaa akataka kujua kilo inauzwaje. Hapo fundo likafunguka. Ugali wa udaga, yaani wa unga wa muhogo, hunata, kwa hiyo haukuanguka wote: nusu ilibaki inaning'inia kwenye kitambaa, nusu ikalala katikati ya sangara wawili. "Kaka, kama umekosa mboga si useme tu?" Akakatiwa kichwa cha sangara bure. Alikipokea. Hakukipima.

Hata mizani ingekuwa nzuri, hesabu ingepotoka. Sehemu kubwa ya ugali ni maji, na maji hayanenepeshi. Ugali uliosongwa mkavu na ule uliosongwa mlaini huweza kuwa na uzito mmoja na nguvu tofauti kabisa. Kinachopimwa ni unga, kabla haujaingia sufuriani. Unga wa muhogo au wa mtama hutoa takribani kilokalori 350 kwa kila gramu 100, kwa hiyo nusu kilo ina 1,750. Ugali wake ukiwa na kilo moja na nusu, kila gramu 100 zilizosongwa zina kilokalori kama 117. Mmarekani Wilbur Atwater ndiye aliyeweka msingi wa hesabu hizi mwishoni mwa karne ya 19: gramu ya wanga 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Ile 9 ndiyo inayomchekesha mpimaji anapojinyima tonge huku sato wake akielea kwenye mafuta, kwani kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori kama 120, sawa na gramu 100 za ugali aliousukuma pembeni kwa mbwembwe.

Tanzania ina majedwali yake ya virutubishi vya vyakula, yaliyotolewa 2008. Programu ya simu anayohesabia mpimaji haikuwa na habari nayo. Ilijua mikate ya kila namna. Ilipoandikiwa "udaga" ikauliza kama si "dagaa".

Asiye na mizani hutumia mkono: ugali ngumi moja, samaki kiganja, mafuta ncha ya kidole gumba, mboga za majani viganja viwili vilivyokingwa. Ngumi inayohusika ni ya mlaji. Kuazima ya fundi wa mitumbwi hakuruhusiwi.

Kuhusu idadi ya milo, ushauri unaozunguka ni milo sita midogo, eti mwili uchome zaidi. Mwili hutumia karibu asilimia 10 ya nguvu ya chakula katika kukimeng'enya. Milo mitatu ya kilokalori 600 ni 1,800. Sita ya 300 ni 1,800. Kwa vyovyote zinazotumika ni 180. Moto wa mwilini haubadiliki, wa jikoni ndio unaobadilika. Milo sita ni kuwasha jiko mara sita, au kula kiporo mara tatu, na wanaoandika ushauri huo hawajawahi kununua mkaa kwa kopo. Wala hawasemi nani atakayeinama kupuliza hilo jiko. Mpimaji alimwuliza mke wake. Jibu halikuwa na tarakimu.

Safarini vipimo hulegea. Stendi ya Bunda, mahindi ya kuchoma hupitishwa dirishani na basi huondoka kabla mlaji hajakunja ngumi ya kulinganisha.

Butiama, ukweni, ugali huletwa kwenye sinia moja la watu watano, na anayeacha kumega huulizwa, "Shemeji, umesusa?" Daftari la siku hiyo linasomeka: sinia, gawanya kwa tano, jumlisha aibu.