Kilichovimba Usile

Karatu chakula hutufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni shamba: mahindi, maharage, ngano, mbaazi, na vitunguu vinavyopanda kwa malori kutoka Mang'ola. Ya pili ni barabara ya Ngorongoro. Alfajiri magari ya watalii hupita mjini yakielekea geti la Lodoare, nyuma yamepakia maboksi ya chakula cha mchana. Jioni hurudi yamejaa vumbi, na nusu ya chakula bado imo. Mgeni akishamwona simba kwa karibu, yai la kuchemsha halimpiti tena kooni. Nusu hiyo haitupwi. Ina wenyewe: dereva, mpishi, na ukoo wa kila mmoja wao. Mimi nimeolewa kwenye ukoo wa mpishi.

Shemeji huwapikia wageni wanaolala kwenye mahema. Safari ikiisha, kilichosalia hukitia kwenye katoni na kukileta kwa mama yake, ambaye mimi na mume wangu tunaishi naye boma moja. Jamu iliyochotwa kijiko kimoja tu. Siagi ya karanga. Biskuti za shayiri. Uyoga wa kopo, ambao mpaka leo hakuna aliyethubutu kuuliza unaliwa na nini. Kila kitu kina tarehe yake, na kwa tarehe hizo ndoa yangu haijawahi kukosa mazungumzo.

Mume wangu ndiye msomaji wa lebo. Huvaa miwani, hugeuza kopo juu chini, hupuliza vumbi, husoma. Taabu ni kwamba vitu vya wageni hutoka kila pembe ya dunia, na Wamarekani huanza kuandika mwezi ndipo siku, wakati Waingereza huanza na siku. Kwa hiyo kopo lenye 04/09 huenda lilikufa Aprili, huenda liko hai mpaka Septemba. Mume wangu amekigeuza kitendawili hiki kuwa kipaji. Chokoleti huisoma kwa hesabu ya nchi itakayoiokoa. Uyoga huusoma kwa hesabu ya nchi itakayouzika.

Mama mkwe hasomi lebo. Kusoma anajua, na Biblia ameimaliza zaidi ya mara moja, ila haoni kwa nini amwamini mtu asiyemjua.

"Tarehe hii nani kaiweka?"

"Kiwanda, mama."

"Kiwanda kiko wapi?"

"Uholanzi."

"Na huyo aliyeko Uholanzi atajuaje kopo lake nimeliweka wapi?"

Nimefundisha miaka mingi, na swali hilo sijapata jibu la kulishinda. Tarehe ya kiwandani ni ahadi yenye masharti: kitu kikae pakavu, kisipigwe jua, kisifunguliwe, au kikae kwenye friji. Haina habari kuwa kopo limeshinda juani kwenye gari huko Serengeti, likalala kwenye baridi ya ukingo wa kreta, likateremka Mto wa Mbu penye joto, kisha likapandishwa tena. Na tarehe zenyewe si za aina moja. Iko inayosema kitu kitakuwa kizuri zaidi kikiliwa kabla ya siku fulani, yaani baada ya hapo biskuti itapoteza mlio wake lakini haitakuzika. Iko nyingine inayosema siku hii ikipita usile, nayo ni ya vitu kama nyama mbichi, haitaki utani. Dukani hakuna mjadala, kuuza kilichoisha muda ni kosa, na tangu kazi ya kusimamia chakula ilipohamia TBS kutoka TFDA mwaka 2019, TBS ndio wanaopita madukani kukamata na kuteketeza. Jikoni kwa mama hawajawahi kupiga hodi. Pale mkaguzi ni yeye.

Vyombo vyake vya ukaguzi ni pua, sikio na kidole. Yai hulitumbukiza kwenye maji: likizama na kulala, ni zima, likisimama wima, lipikwe leo, likielea, litafutiwe jirani tuliyegombana naye. Na kwa chochote kilichofungwa ana sheria moja tu, kilichovimba usile. Ni sheria nzuri. Kopo la chakula likivimba, mara nyingi ndani kuna vijidudu vinavyotoa gesi, na baadhi yao hutengeneza sumu inayopooza mwili, kiasi kwamba hata kuonja kidogo ni hatari. Sheria hiyo imeokoa watu. Pia imetuaibisha dukani.

Umoja wa wanawake wa kanisa uliamua kwenda kuiona kreta. Watu hubadilisha ndege mara mbili kuja kuitazama; sisi tunaolala chini yake wengi wetu tunaijua kutoka kwenye kalenda. Kosta ikakodiwa. Kosta haishuki kreta, kazi hiyo ni ya magari kama ya kina shemeji, lakini ukingoni inafika. Badala ya pilau, kamati ikaamua kununua vitu vyepesi: katoni za krispi, keki za pakiti na mtindi wa vikombe. Mama akateuliwa kulinda chakula, maana anajulikana.

Sasa, Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta kama mita 2,300. Krispi zilifungwa Dar es Salaam, pwani kabisa. Hewa ya kule juu ni nyepesi, msukumo wake umepungua karibu robo ukilinganisha na wa pwani, ila ile iliyofungiwa ndani ya pakiti bado ni ya Dar na inasukuma kwa nguvu za Dar. Kadiri Kosta ilivyopanda kwenye msitu ndivyo katoni zilivyoanza kulalamika.

Tulifika kwenye ukungu mzito. Kreta, kilomita za mraba 260 na kina cha mita 600, ilikuwepo kwa imani tu. Wanawake wakasema basi angalau tule. Mama akafungua katoni ya kwanza. Pakiti zote zilikuwa zimekakamaa, na vifuniko vya mtindi vimejitokeza kama vitambi vya madiwani. Akaichukua moja, akaibonyeza, akaitikisa sikioni, akairudisha.

"Hizi zimeoza."

Akafungua ya pili. Nayo. Mweka hazina akajishika kichwa. Mmoja akasema tumeuziwa sumu, mwingine akasema yule muuzaji hata sura yake hakuipenda tangu mwanzo. Mimi nafundisha sayansi, nikasogea nikamnong'oneza, "Mama, ni mlima."

"Mlima umefanya nini?"

Alisema kwa sauti, na umoja mzima ukageuka kunitazama. Mkamwana hamsahihishi mama mkwe mbele ya watu wanaomwita mwenyekiti. Nikasema mlima ni mzuri.

Kwa hiyo tukaushangaa ukungu na njaa zetu. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa, na ambaye asubuhi alichekwa kwa ushamba, alipata marafiki wengi mchana huo. Kosta iliposhuka haikwenda kanisani, ilikwenda moja kwa moja dukani, mama mbele, katoni nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetuuzia vitu vimevimba."

Kijana akafungua katoni. Krispi zilikuwa zimelala zake kwa utulivu, zimelegea. Akabonyeza moja, akabonyeza ya pili, akachukua kikombe cha mtindi akakitazama kwa ubavu.

"Vilivyovimba viko wapi, mama?"

Mama akatazama ndani ya katoni muda mrefu. Kisha akanigeukia. Siku zote huniita mwanangu. Siku hiyo aliniita mwalimu.

"Mwalimu, ulisema ule mlima umefanya nini?"

Sheria yake haikufutwa, ila iliongezewa kifungu, na kifungu hicho tutakirudia.

Corona ilipokuja tulipata nafasi ya kuzichunguza tarehe kwa muda mrefu kuliko tulivyotaka. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni moja na nusu. 2020 wakabaki laki sita na kitu. Karatu hatukuhitaji takwimu, tuliona barabara. Mwajiri wa shemeji hakuwa na fedha, akalipa sehemu ya mishahara kwa vitu vya stoo. Tukaletewa magunduzi ya Wazungu kwa katoni: nafaka za asubuhi, biskuti, jamu, mchuzi wa tambi. Nafaka zile tulizila kwa chai ya rangi, tukazila kwa maharage, na mama akazitwanga siku moja ajaribu kuzisonga ugali, zikakataa kushikana. Tarehe zikapita moja baada ya nyingine mbele ya macho yetu. Biskuti zilipoteza mlio. Jamu haikujua kama kuna lililotokea. Hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Aliyetuumiza alikuwa kuku, na hakuwa na tarehe. Mambo yake ni haya: kuku wa boksi hukaangwa usiku, hufungwa alfajiri, hushinda garini ndani ya kreta. Mchana wageni husimama Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko, na wenye akili hula ndani ya gari, kwa sababu mwewe wa pale hushuka nyuma yako kimya na kuondoka na paja lako. Nadhani mwewe ndio wanaokula kuku yule akiwa bado salama. Paja lililoponyoka makucha hayo lilifika kwetu saa kumi na moja jioni, likinukia pilipili manga. Mume wangu, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa ameikataa siagi ya karanga kwa sababu ya lebo, alilila bila hata kutafuta miwani. Shemeji alilipasha moto kidogo akidhani inatosha, kumbe vipo vijidudu ambavyo vikishaacha sumu yao kwenye chakula, moto wa jikoni hauitoi.

Ilikuwa Julai, na aliyewahi kulala Karatu Julai anajua baridi yake. Choo chetu kiko ng'ambo ya uwanja. Mume wangu aliuvuka uwanja ule usiku kucha akiwa amejifunga blanketi, na kila mlango ulipolia, pazia la mama lilisogea. Asubuhi mama alimpelekea uji mwembamba wenye chumvi na sukari, akaketi.

"Tarehe ilisemaje, baba?"

Shemeji alijitetea kwa elimu, maana husikiliza wanayosimuliwa wageni. Akatukumbusha kwamba pale Oldupai, alipopata Mary Leakey lile fuvu maarufu mwaka 1959, kuna mifupa ya wanyama ya miaka ipatayo milioni 1.8 yenye alama za kukatwa kwa mawe, na kwamba wataalamu wamebishana sana kama watu wale waliwinda wenyewe au walikula masalia ya simba. Shemeji amekwisha chagua upande wake. "Walikula nyama iliyoachwa juani na simba, mama! Bila friji, bila lebo!"

"Na huyo wa fuvu yuko wapi sasa?"

"Alishakufa, mama."

"Haya."

Liko jambo moja ambalo mama halitanii. Gunia la mahindi halina tarehe, wala karanga za kupimiwa kwa kopo. Mahindi yasipokauka vizuri huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo huioni, huinusi, na ugali uchemke utakavyo, haiishi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na kwa jirani zetu mkoa wa Manyara. Mama huanika mahindi juu ya turubai, kamwe si ardhini, kisha huuma punje: ikipasuka kwa mlio, iende guniani; ikibonyea, irudi juani. Shemeji aliwahi kupendekeza zenye ukungu apewe ng'ombe zisiende bure, kama wengi wanavyofanya. Mama akamuuliza kama anataka amlishe ng'ombe sumu halafu amkamue. Na kweli sumu hiyo hupita mpaka kwenye maziwa. Mahindi yale yalifukiwa, nasi tukaendelea kugombana kuhusu jamu.

Majuzi shemeji alishuka kutoka kambi ya ukingoni na kopo la maharage lililovimba juu na chini. Mama alilitazama tu, akaonyesha shimo la taka. Shemeji akacheka. Hadithi ya krispi anaijua kwa moyo.

"Mama, huo ni mlima. Umesahau?"

Mama hakuwa amesahau. "Basi likae hapa. Kama ni mlima, litashuka."

Likawekwa juu ya ukuta wa uani, karibu na kamba ya nguo. Krispi zilikuwa zimepungua kabla hata ya kufika dukani. Kopo hili kila asubuhi lilikuwa limenenepa zaidi. Shemeji akadai kwamba bati si sawa na plastiki, bati huchelewa kuelewa. Jumamosi alikuwa na harusi ya rafiki yake. Alitoka nje na shati jeupe lililopigwa pasi, akasimama ukutani kujitazama kwenye kioo kidogo, na kopo likachagua saa hiyo.

Mlipuko haukuwa mkubwa. Harufu ilikuwa kubwa. Mbwa wa jirani alikuja mpaka kwenye uzio, akanusa, akarudi kwao. Mama alikuwa anachambua mahindi, hakuinua kichwa.

"Liulize kama limeshafika Karatu."

Shemeji akakimbilia bombani na sabuni. Mume wangu yeye alikuwa ameshavaa miwani, amepiga goti uani, anaviringisha bati kwa kijiti mpaka akaipata tarehe. Akaisoma kwa hesabu ya Marekani, akaisoma kwa hesabu ya Uingereza.

"Bado," akasema. "Lilikuwa na mwaka mzima mbele."